Dume, Jike na Aliyehasiwa Hawali Sawa: Jua Homoni, Okoa Chakula



Kila anayefuga kibiashara anajua hela yake inaishia wapi. Kwa nguruwe na kuku, chakula peke yake hubeba zaidi ya nusu ya gharama zote za mradi. Ndiyo maana bei ya mashudu au dagaa ikipanda kidogo tu, wote tunapata presha. Lakini wengi wetu tunajua bei ya gunia kuliko tunavyojua kinachomfanya mnyama ale au aache kula.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mtaalamu, jike wangu jana alikula vizuri, leo kasusa. Nimchome sindano gani?" Mara nyingi jibu ni kwamba hahitaji sindano yoyote. Mwili wake uko kazini. Ukimchoma dawa bila sababu umepoteza hela, dawa inabaki kwenye maziwa au nyama, vimelea vinazidi kuzoea dawa, na pengine umepitwa na siku ya kumpandisha.

Leo nieleze jinsi homoni na jinsia zinavyoongoza njaa na shibe ya mifugo. Nitajaribu kulieleza kwa lugha ya bandani.

Njaa inatoka wapi, shibe inatoka wapi

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa haipothalamasi. Ichukulie kama msimamizi wa stoo. Yenyewe haioni chakula, inasubiri taarifa kutoka mwilini, halafu inaamua: kula, au acha.

Taarifa hizo hubebwa na homoni kupitia damu. Za msingi ni hizi:

Grelini. Hutengenezwa zaidi na tumbo. Tumbo likiwa tupu hupanda, na mnyama huhisi njaa. Wanasayansi wa Japani ndio waliitambua mwaka 1999. Cha kushangaza, kwa kuku mambo ni kinyume: vifaranga waliopewa grelini kwenye majaribio walipunguza kula. Kwa hiyo usichukue somo la nguruwe ukalipeleka kwa kuku kichwa kichwa.

Kolesistokinini. Jina refu, kazi rahisi. Hutolewa na utumbo mwembamba pale mafuta na protini vinapofika, na inaambia ubongo, "mlo huu unatosha." Hii ni shibe ya mlo mmoja.

Leptini. Hii hutengenezwa na mafuta ya mwili. Iligunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman kule New York. Mnyama mwenye mafuta mengi ana leptini nyingi, na ubongo unaambiwa akiba ipo, punguza kula. Hii ni shibe ya muda mrefu, ya wiki na miezi.

Insulini nayo inashirikiana na leptini kutoa taarifa ya nishati iliyopo mwilini.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ongeza jambo moja: tumbo kujaa. Akila majani magumu yaliyokomaa, tumbo hujaa kabla mwili haujapata lishe ya kutosha. Ameshiba kwa ujazo, lakini bado ana upungufu.

Jinsia inaingiaje hapo?

Juu ya homoni za njaa kuna homoni za uzazi, na hizi nazo zinasikilizwa na yule yule msimamizi wa stoo.

Estrojeni ni homoni ya jike inayopanda anapoingia kwenye joto. Kwa kawaida hupunguza hamu ya kula. Utafiti kwa panya wa maabara umeonyesha kwamba estrojeni huipa nguvu ile kolesistokinini, yaani mlo mdogo unamshibisha mapema kuliko siku nyingine. Projesteroni, homoni inayotunza mimba, haina tabia hiyo ya kuzima hamu, na jike aliyeshika mimba kwa kawaida hula vizuri.

Testosteroni ya dume husukuma mwili kujenga misuli badala ya mafuta. Dume la nguruwe lina jambo la ziada: korodani zake hutoa pia estrojeni nyingi. Ndiyo maana dume aliyekomaa halili kwa pupa kama unavyotarajia kutokana na ukubwa wake, na akiwa karibu na majike walio kwenye joto, akili yake haipo kwenye kihori kabisa.

Sasa ukimhasi dume umeondoa kiwanda cha homoni hizo. Breki ya kula imelegea, na msukumo wa kujenga misuli umepungua. Matokeo yake anakula zaidi, na kinachozidi kinageuka mafuta. Kuna nchi ambako badala ya kisu hutumia chanjo inayozima homoni za dume. Baada ya dozi ya pili, dume yule yule aliyekuwa anakula kwa kiasi huanza kula sana ndani ya wiki chache. Banda ni lile lile na chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni homoni.

Kitimoto: banda moja, walaji wa aina tatu

Nguruwe wadogo, mpaka kama kilo 25 au 30, hawatofautiani sana kwa ulaji. Kuanzia kilo 50 hivi tofauti inaonekana wazi:

- Aliyehasiwa anakula zaidi ya wote, anaongezeka uzito haraka kuliko mtamba, lakini ndiye mwenye mafuta mengi na anatumia chakula kingi zaidi kwa kila kilo anayoongeza.
- Mtamba anakula kidogo kuliko aliyehasiwa, nyama yake ina mafuta machache, na chakula anakitumia vizuri zaidi.
- Dume asiyehasiwa ndiye anayetumia chakula vizuri kuliko wote. Tatizo lake ni harufu kali ya nyama akishabalehe, pamoja na fujo bandani.

Kule Uingereza na Ireland wafugaji wengi hawahasi, huchinja madume wakiwa bado wadogo. Sisi wateja wetu wengi wanataka nguruwe mkubwa, na mchinjaji akikutana na nyama yenye harufu hatarudi kwako. Kwa hiyo kuhasi bado kuna maana, ila ufanywe mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mtu anayejua kazi. Jua tu kwamba umetengeneza mlaji mkubwa, na umpangie chakula chake.

Tupige hesabu. Takwimu hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme unakuza nguruwe kutoka kilo 60 hadi 90. Mtamba anatumia kilo 3.2 za chakula kwa kila kilo anayoongeza, aliyehasiwa anatumia kilo 3.5. Tofauti ni kilo 0.3. Zidisha kwa kilo 30 za uzito, unapata kilo 9 za chakula kwa nguruwe mmoja. Ukiwa na waliohasiwa 20, hizo ni kilo 180. Kama kilo ya chakula ni Sh 1,000, umetumia Sh 180,000 zaidi, na sehemu kubwa imekwenda kuwa mafuta ambayo mnunuzi anayalalamikia.

Hasara ya pili haionekani haraka. Ukiwachanganya, waliohasiwa wanawahi kihori na kusukuma wengine. Mitamba wanapata kidogo, na kwa kuwa wanakula kidogo, wanahitaji chakula chenye protini zaidi katika kila kilo, hasa lisini inayotoka kwenye soya na dagaa. Ukiwapa wote mchanganyiko mmoja, ama mitamba wanapungukiwa, ama unawalisha waliohasiwa soya ya bei kubwa ambayo hawaihitaji.

Kwa hiyo kuanzia kilo 50, watenganishe. Mitamba wale mpaka watosheke, mchanganyiko wenye protini nzuri. Waliohasiwa wapimie, hasa kuanzia kilo 70 kwenda juu, usiwaachie kihori kijae muda wote. Na dagaa wapunguze au uwaondoe kabisa wiki kadhaa kabla ya kuchinja, nyama isije ikanuka samaki.

Jike kasusa chakula: mgonjwa au yuko kwenye joto?

Ng'ombe na nguruwe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Estrojeni ikipanda, hamu ya kula inashuka. Ng'ombe hupunguza kula na hata kucheua. Mashamba makubwa ya nje huwavalisha ng'ombe kola zenye vifaa vinavyohesabu muda wa kucheua, na muda huo ukishuka ghafla, mfugaji anajua huenda ng'ombe yuko kwenye joto. Sisi hatuna kola, lakini tuna macho na daftari.

Nguruwe jike aliye kwenye joto huacha chakula au hukigusa tu, uke unavimba na kuwa mwekundu, anapiga kelele, masikio yanasimama, na ukimkandamiza mgongoni anasimama tuli kama amepigwa msumari. Hali hiyo hudumu siku mbili hadi tatu. Ng'ombe hana muda mrefu hivyo. Joto lake ni la saa kama 12 hadi 18 tu: anapanda wenzake au anakubali kupandwa, analia, na ute mwepesi unaovutika unamtoka. Ukimwona asubuhi, mpigie mtaalamu wa uhimilishaji amhudumie jioni. Ukimwona jioni, ahudumiwe kesho yake asubuhi.

Ukichukulia kususa huko ni ugonjwa, ukamchoma antibayotiki, joto limepita. Unasubiri siku 21 nyingine huku unalisha mnyama ambaye hajabeba mimba.

Mimba na kunyonyesha: breki na mafuta ya gari

Nguruwe mwenye mimba ana hamu kubwa ya kula, na hapo ndipo vijana wengi tunaingia mkenge. Tunamwonea huruma, tunamjazia, ananenepa. Mafuta hayo yanatoa leptini, na insulini yake haifanyi kazi vizuri kama mwanzo. Akizaa, siku ambayo anatakiwa kula kuliko siku zote, ubongo wake unasoma taarifa kwamba akiba ipo. Anakula kidogo, maziwa yanapungua, watoto wanadumaa.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii. Kipindi cha mimba, kilo 2 hadi 2.5 kwa siku zinatosha nguruwe wengi, ukiangalia hali ya mwili wake. Mpe na majani ili tumbo lijae bila kumnenepesha. Siku ya kuzaa usimlazimishe kula, maji ni muhimu zaidi. Baada ya hapo ongeza kidogo kidogo kila siku, ndani ya wiki moja afikie kilo 2 jumlisha nusu kilo kwa kila mtoto anayenyonya. Mwenye watoto 10 anahitaji kama kilo 7. Gawanya mara tatu au nne, na chakula kingi kiwe asubuhi mapema na jioni, kwa sababu joto la mchana nalo linazima hamu.

Na maji! Nguruwe anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 30 kwa siku na zaidi. Akikosa maji hawezi kula, hata umwekee chakula kizuri namna gani.

Kwa kawaida jike aliyelishwa vizuri akinyonyesha huingia kwenye joto siku 4 hadi 7 baada ya kuachisha watoto. Aliyekonda huchelewa, na kila siku anayochelewa anakula bure.

Ng'ombe wa maziwa: wiki tatu za hatari

Ng'ombe anapokaribia kuzaa, estrojeni hupanda sana, ndama amebana tumbo, na ulaji unashuka. Katika wiki tatu za mwisho unaweza kupungua kwa karibu theluthi moja. Hili ni la kawaida, lakini ni kipindi cha hatari, kwa sababu mara tu akizaa mwili unaanza kudai nishati nyingi ya maziwa.

Angalia mahesabu ya mwili: maziwa hufika kileleni wiki ya 4 hadi ya 8 baada ya kuzaa, lakini hamu ya kula hufika kileleni baadaye, kama wiki ya 10 hadi 14. Katikati hapo ng'ombe anatoa kuliko anavyoingiza. Anachoma mafuta yake, anakonda. Aliyezaa akiwa mnene kupita kiasi ndiye anayekula kidogo zaidi, na ndiye anayepata shida ya ini na ketosisi.

Kwa hiyo usimnenepeshe wakati wa kukausha maziwa. Azae akiwa na hali ya mwili ya 3 hadi 3.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5: mbavu unazihisi ukigusa, lakini hazikutazami ukiwa mbali. Wiki tatu za mwisho mpe majani laini, yaliyokatwa mapema, na umzoeshe pumba na mashudu kidogo kidogo. Kwa kuwa atakula kidogo, hicho kidogo kiwe cha maana.

Kuku nao wana mambo yao

Kuku wa nyama madume hula zaidi na kukua haraka kuliko majike wa umri ule ule. Vifaranga wengi tunaonunua wamechanganywa, kwa hiyo usishangae kuona kundi halilingani. Ongeza vyombo vya chakula ili majike wasizidiwe, na ukiuza anza na wakubwa.

Kuku wa mayai wana hamu ya pekee: hamu ya kalisiamu. Kutengeneza ganda huchukua kama saa 20, na kazi kubwa hufanyika usiku. Ndiyo maana mchana ukielekea jioni kuku anayetaga hutafuta chokaa kwa bidii. Ukiweka chombo cha chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini pembeni, atachukua anachohitaji. Lakini usiwape kuku wanaokua chakula cha kutagia mapema, kalisiamu nyingi huwaumiza figo. Subiri dalili za homoni zenyewe: upanga unakuwa mwekundu na mayai ya kwanza yanakaribia.

Kuku wa kienyeji anayeatamia ni somo tosha. Homoni ya prolaktini inapanda, anakaa kwenye mayai, anatoka labda mara moja kwa siku kula na kunywa. Anakonda, na si ugonjwa. Mwekee chakula na maji karibu asitembee mbali.

Kabla hujashika bomba la sindano

Jiulize maswali haya kwa mfuatano:

1. Ni mmoja tu aliyesusa, au wengi? Homoni humgusa mmoja mmoja. Wakisusa wengi kwa pamoja, fikiria ugonjwa, maji yamekatika, au chakula kimeota ukungu.
2. Siku yake ya joto, ya kuzaa au ya kuachisha ni lini? Angalia daftari.
3. Joto la mwili ni ngapi? Nunua kipimajoto. Ng'ombe akizidi nyuzi 39.5 na nguruwe akizidi 40, hiyo si homoni, ita daktari wa mifugo. Pima asubuhi kabla jua halijawa kali.
4. Kinyesi, pua, macho na kutembea vikoje?
5. Amesusa siku ngapi? Kususa kwa joto huisha kwenyewe. Ng'ombe akimaliza siku mbili, au nguruwe siku tatu, bila kurudia kula, usisubiri.

Kwa nguruwe niseme wazi: homa kali, ngozi kuwa nyekundu au zambarau, na wengi kuacha kula, inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba. Funga banda, asitoke wala kuingia mnyama, usichinje kwa siri, toa taarifa haraka.

Ya kuanza nayo wiki hii

Pima kopo au ndoo unayolishia, ujue inabeba kilo ngapi za chakula chako. Usikadirie, tumia mizani. Tenga waliohasiwa na mitamba, hata kwa mbao tu katikati ya banda. Kwenye daftari, kila jike awe na ukurasa wake: tarehe ya joto, ya kupandishwa, ya kuzaa, na siku alizopunguza kula. Baada ya mizunguko miwili utaanza kubashiri siku atakayosusa kabla hajasusa, na siku hiyo utakuwa unampigia simu mtaalamu wa uhimilishaji badala ya muuza dawa.

Kwa leo niishie hapa. Ukikwama, mwone afisa mifugo wa kata yako, na nenda na daftari lako mkononi. Kazi njema.